Kuchagua snoubodi ya mwanamke ya mlima mzima: tangulia buti, fuata mizani

Ukiingia duka la vifaa vya theluji Denver, Calgary au Oslo, mara nyingi mhudumu atashusha snoubodi (ubao wa kutelezea kwenye theluji) ukutani, atausimamisha mbele yako, na ukifika katikati ya kidevu na pua atakuambia saizi yako ndiyo hiyo. Kanuni hiyo ni ya zamani na hadi leo inawaharibia watu siku zao mlimani. Ubao haujui kama wewe ni mrefu au mfupi. Unachokijua ni uzito unaoukandamiza na nyayo zinazouinamisha ubavu huu na ubavu ule. Wanawake wawili wenye kimo cha sentimita 165, mmoja kilo 52 na mwenzake kilo 78, wakipewa ubao mmoja lazima mmoja wao ateseke.

Snoubodi ya mlima mzima ni ile inayofaa kila mahali kwa kiasi: njia zilizosawazishwa na mashine, theluji ya unga iliyoanguka usiku, miteremko iliyochimbwachimbwa na watu hadi mchana, na miruko midogo. Kwa anayetaka kumiliki ubao mmoja tu, ndiyo ya kununua. Ila kama hujateleza hata siku tatu au nne, kodi kwanza. Siku hizo zitakuonyesha mguu upi unapenda kutangulia, na kama mchezo wenyewe umekuingia, kabla hujatoa mamia ya dola.

Buti kabla ya ubao

Upana wa ubao unategemea buti, kwa hiyo anayenunua ubao kwanza anabahatisha. Pima mguu hivi: vaa soksi moja nyembamba, simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka uzito wote kwenye mguu huo, kisha tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima kwa sentimita. Rudia mguu wa pili, uchukue ule mrefu zaidi. Buti za theluji huandikwa kwa kipimo cha mondo, ambacho ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa 24.5 huvaa mondo 24.5 (wengine huandika 245). Namba za viatu za Marekani na Ulaya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, usizitegemee.

Buti ikikutosha, ukisimama wima vidole hugusa mbele kwa wepesi, na ukikunja magoti hurudi nyuma kidogo. Kisigino hakitakiwi kuinuka. Kosa la kawaida, hasa kwa waliozoea gambuti, ni kuchukua namba moja kubwa ili "mguu upumue". Kisigino kikianza kupanda na kushuka ndani, unakunja vidole ili ujishikilie, nyayo zinakufa ganzi, na kila amri unayotoa kwa mguu inachelewa kufika kwenye makali ya ubao. Tena bitana ya ndani hulegea baada ya siku kadhaa za kuteleza, kwa hiyo buti iliyokuwa huru dukani itazidi kuwa huru mlimani.

Soksi ni jozi moja tu, ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho. Jozi mbili hujikunja, hubana mishipa, na mguu unaokosa damu hupata baridi kuliko ule wenye soksi moja.

Kiuno cha ubao

Kiuno ni sehemu nyembamba kabisa, katikati ya ubao. Snoubodi nyingi za wanawake zina kiuno cha sentimita 23 hadi 25. Za wanaume huanzia karibu na hapo kwenda juu. Kwa kuanzia:

- mguu wa 22 hadi 23.5: kiuno 23.0 hadi 23.8
- mguu wa 24 hadi 25: kiuno 23.6 hadi 24.3
- mguu wa 25.5 hadi 26.5: kiuno 24.2 hadi 25.0
- mguu wa 27 na zaidi: kiuno 25.0 na zaidi

Namba hizi ni za kupunguzia machaguo tu. Kipimo cha kweli hufanyika sakafuni: laza ubao, weka buti juu ya matundu ya skrubu (panapokazwa vifungo vinavyoshika buti) katika pembe utakayotumia, utazame pande zote mbili. Ncha ya buti na kisigino zikitokeza sentimita 1 hadi 2 kila upande, uko sawa. Zisipotokeza kabisa, ubao ni mpana mno: unakosa nguvu ya kuuinua ubavu, na kila kona inakuja polepole. Zikizidi hapo, ubao ni mwembamba mno. Ukiulaza sana kwenye mteremko mkali, buti inagusa theluji kabla makali hayajamaliza kazi yake, inaunyanyua ubao, na unaanguka bila kujua kilichotokea. Wengi hujilaumu kwamba hawajui kupinda, kumbe ni buti inayoburura. Buti za siku hizi zina soli fupi kuliko za zamani kwa namba ileile ya ndani, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kununua buti mapema.

Hapa tuseme wazi neno "ya wanawake" lina maana gani. Snoubodi iliyobuniwa kwa ajili ya wanawake ina kiuno chembamba, urefu mfupi, na kiini cha mbao kilichopunguzwa unene ili mtu mwepesi aweze kuukunja. Ni vipimo tu. Mwanamke mwenye mguu wa 27.5 au kilo 90 asilazimishwe kubaki upande wa duka wenye maandishi hayo. Ubao wa wanaume wa sentimita 152 wenye kiuno cha 25.2 unaweza kumfaa kuliko chochote kilichopo upande ule. Na ubao ambao tofauti yake pekee na wa wanaume ni rangi na maua hauna sababu ya kuitwa wa wanawake.

Urefu kwa mizani

Tumia uzito wako bila nguo za theluji:

- chini ya kilo 50: sentimita 138 hadi 143
- kilo 50 hadi 58: 142 hadi 147
- kilo 58 hadi 66: 146 hadi 151
- kilo 66 hadi 75: 149 hadi 154
- zaidi ya kilo 75: 152 hadi 158

Anayeanza, au anayependa kupita kati ya miti, akae upande wa chini wa kila kundi. Anayependa kasi na theluji ya unga apande juu. Kila modeli ina jedwali lake la uzito kwenye tovuti ya kampuni. Jedwali hilo likipingana na hili, fuata la kampuni, kwa sababu wao ndio wanaojua walichoweka ndani. Angalia hasa uzito wa juu kabisa. Snoubodi nyingi za wanawake hazikujengwa kubeba zaidi ya uzito fulani, na ukiuzidi ubao hukunjika pua kwenye kila tuta.

Kuna namba nyingine ambayo wanunuzi huiruka: urefu wa makali yanayogusa theluji. Mbao mbili za sentimita 149 zinaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa hapo, kwa kuwa moja ina pua ndefu iliyopinda na nyingine pua fupi. Wenye makali marefu hushika zaidi na hugeuka kwa utulivu. Wenye makali mafupi hugeuka haraka na hutetemeka mapema. Zipo pia mbao zilizofupishwa na kupanuliwa kwa makusudi. Hizo hununuliwa fupi kwa sentimita 3 hadi 6 kuliko kawaida yako.

Ubao mfupi mno hutetemeka ukishika kasi, na kwenye theluji nzito pua yake huzama ukapinduka mbele. Mrefu mno hukawia kugeuka, na mtu huanza kuupiga mkia kwa mguu wa nyuma ili uzunguke. Tabia hiyo ikishakaa ni kazi kuitoa.

Kemba, roka na mseto

Hiki ndicho kipengele kinachobadilisha ubao kuliko kingine chochote, na ndicho ambacho maelezo ya dukani hukijaza maneno ya kibiashara. Puuza majina. Laza ubao kwenye sakafu iliyonyooka, piga magoti, utazame mwanga unapita wapi chini yake.

Mwanga ukipita katikati, chini ya kiuno, huku ubao ukigusa sakafu karibu na pua na karibu na mkia, hiyo ni kemba. Ukisimama juu yake, uzito wako unaunyoosha upinde huo, nao unasukuma makali chini kuanzia mbele hadi nyuma. Ndiyo maana kemba inashika kwenye barafu na ina mrusho ukitaka kuruka. Gharama yake ni kwamba ncha zote mbili ziko tayari kushika wakati wowote, hata usipotaka. Anayeanza akiegemea vibaya kidogo, makali ya upande wa bonde yananasa na anabwagwa chini ghafla.

Mwanga ukipita kwenye ncha, na ubao ukigusa sakafu katikati tu kama tumbo la mtumbwi, hiyo ni roka. Inaelea vizuri kwenye theluji ya unga, inazunguka kirahisi, inasamehe makosa. Kwenye barafu inateleza kama sabuni. Kwa kuwa sehemu inayogusa ni fupi, ongeza sentimita 2 au 3 kwenye urefu wako.

Katikati ya hizo mbili kuna bapa, iliyonyooka kati ya miguu, na kuna mseto wa aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Mseto wa kwanza una kemba kati ya miguu na ncha zilizoinuliwa kidogo mapema. Unashika karibu kama kemba lakini haunasi ovyo. Kwa wanawake wengi wanaotafuta ubao mmoja wa mlima mzima, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta. Mseto wa pili una roka kati ya miguu na kemba chini ya kila mguu. Huo ni mlegevu, wa kuchezea, na humchosha mtu kwenye theluji ngumu kwa sababu katikati haushiki.

Jina la modeli halitoshi. Feelgood ya kampuni ya Burton, kwa mfano, imeuzwa kwa kemba kamili na pia kwa umbo la Flying V, ambalo ni mseto wa pili. Rafiki anayesema "nunua Feelgood" hajakuambia bado ni ipi, na tofauti yake mlimani ni kama baiskeli mbili tofauti.

Kwa wanaoishi penye barafu, kampuni za Gnu na Lib Tech hukata makali yenye mawimbi madogo, wanayoyaita Magne-Traction. Kila wimbi ni kama jino la kisu cha mkate, na husaidia hasa ubao wenye roka, ambao bila hivyo ungeponyoka.

Theluji ya kwenu

Ubao mzuri wa British Columbia unaweza kuwa mbovu Minnesota.

Minnesota na Ontario ni vilima vifupi. Buck Hill, karibu na Minneapolis, haifiki hata mita 100 kutoka juu hadi chini. Theluji nyingi hutengenezwa kwa mashine, mchana inasagwa, usiku inaganda. Chukua kemba au mseto wa kemba, upande mfupi wa kundi lako, na uhakikishe makali yananolewa. Theluji ya unga utaiona mara chache, kwa hiyo usilipie pua kubwa ya kuelea.

Alberta ni baridi kavu. Sunshine Village, juu ya Banff, ina sehemu ndefu zilizo karibu tambarare, na njia ya kurudi hadi maegesho ni ya mteremko mdogo. Watu wa ski wana fimbo za kujisukumia; wewe huna. Ukisimama, unafungua mguu mmoja na kujikokota. Pale tumbo la ubao (upande wa chini unaogusa theluji) lenye kasi lina thamani kuliko mapambo yote.

Whistler Blackcomb, British Columbia, ina zaidi ya mita 1,500 za mteremko, na theluji ya pwani ni nzito yenye maji, hasa chini. Miguu inachoka. Ubao mgumu kidogo, wenye pua pana na nafasi ya miguu iliyorudishwa nyuma sentimita 2 hivi, unakupunguzia kazi.

Aliye Dubai na anayeteleza Ski Dubai peke yake, ambako njia ndefu kabisa ni mita 400 ndani ya jengo, hana haja ya kununua ubao. Vya kukodi vinatosha, ila buti zako mwenyewe zitakufurahisha. Vivyo hivyo kwa anayepanga safari moja ya Afriski, Lesotho, kati ya Juni na Agosti.

Ugumu, umbo na tumbo

Ugumu huandikwa 1 hadi 10. Kwa mlima mzima tafuta 4 hadi 6. Lakini hakuna kipimo cha pamoja: 5 ya kampuni moja yaweza kuwa 7 ya nyingine. Jaribu kwa mkono. Simamisha ubao kwa mkia, shika pua, kandamiza katikati kwa kiganja. Kisha ujaribu kuuzungusha kama unayekamua nguo. Huko kuzunguka ndiko kunakosaidia kuanza kona, na ubao usiozunguka kabisa utampa taabu mtu mwepesi. Mtu mzito naye mara nyingi huuziwa ubao laini kupita kiasi eti kwa sababu ni mwanamke. Aongeze daraja moja la ugumu.

Umbo: pacha kamili ana pua na mkia sawa, anafaa anayependa kuteleza kinyumenyume. Ubao wa mwelekeo una pua ndefu na mkia mfupi. Pacha wa mwelekeo yuko katikati, na kwa mlima mzima ndiye chaguo la salama.

Tumbo ni la aina mbili. Ekstrudi ni plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa ikawa bapa. Ni rahisi, haihitaji matunzo mengi, haina kasi kubwa. Sinta ni unga wa plastiki ulioshindiliwa kwa joto, ukabaki na vinyweleo vinavyofyonza nta. Ina kasi, lakini bila nta huteleza polepole kuliko ekstrudi. Ukiona weupe kama chumvi karibu na makali, umekauka. Paka nta kila baada ya siku 3 hadi 5 za kuteleza. Kama unajijua hutapaka, nunua ekstrudi na ubaki na pesa zako.

Vifungo na matundu

Kabla ya kulipa, geuza macho kwenye matundu ya skrubu. Yapo ya mistari miwili ya matundu, yanayokubali karibu vifungo vyote, na upo mfereji mrefu wa Burton uitwao Channel. Vifungo vya Burton vya aina ya EST vinaingia kwenye Channel tu. Vifungo vya kawaida huingia Channel ikiwa diski yao (bamba la duara la katikati linalopitisha skrubu) ina nafasi za kuteleza za skrubu mbili. Burton za zamani zina matundu matatu ya pembetatu, na diski za sasa nyingi haziyakubali. Mtego huo unawanasa wanunuzi wa mitumba. Vifungo vya kubofya, kama Step On, vinadai buti zake maalumu.

Anza na umbali wa miguu uliowekewa alama na kampuni, kwa kawaida kati ya sentimita 48 na 53, kutoka katikati ya kifungo kimoja hadi katikati ya kingine. Pembe za kuanzia: mguu wa mbele digrii +15 (vidole vikielekea pua), wa nyuma −6 (vidole vikielekea mkia). Rekebisha diski hadi ncha na kisigino vitokeze sawasawa. Kikizidi kisigino, kona za upande wa kisigino zitakuja zenyewe na za vidole zitagoma.

Bei, na mitumba

Marekani ubao mpya wa daraja la kati huwa dola 400 hadi 600, vifungo 200 hadi 300, buti 200 hadi 400. Machi na Aprili maduka humaliza shehena, na modeli ya mwaka huo hupunguzwa bei sana. Mara nyingi ya mwaka unaofuata ni ubao uleule wenye picha mpya. Pesa zikipungua, zitoe kwenye ubao, usizitoe kwenye buti.

Mitumba ni njia nzuri ukikagua. Pitisha kucha kwenye makali yote: kutu ya juu huondoka, lakini makali yaliyopasuka au kung'oka hayarudi. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole. Sauti ya uwazi ina maana tabaka zimeachana. Bana ubavu kwa vidole uone kama kuna mdomo unaofunguka. Tumbo lililochimbika hadi mbao zikaonekana limeshaingiza maji. Nenda na skrubu ya M6 mfukoni na uijaribu kwenye kila tundu, kwa sababu tundu moja lililoliwa uzi linatosha kuacha kifungo kikicheza.

Tuchukue mfano: mwanamke wa kilo 64, mguu wa 25, msimu wa pili, anaishi Calgary. Kundi lake ni 146 hadi 151. Kwa kuwa hajawa mwepesi wa kasi, 148. Kiuno 23.8 hadi 24.3. Mseto wa kemba kati ya miguu, pacha wa mwelekeo, ugumu 5, tumbo la sinta. Kwa vipimo hivyo ukuta wa mbao arobaini unabaki na nne au tano, na hapo ndipo rangi inaruhusiwa kuamua.

Siku ya kwanza, beba bisibisi ya msalaba. Skrubu mpya hulegea baada ya mteremko mmoja au miwili. Zikaze tena zote kabla ya kupanda lifti ya tatu.